Bei ya Italia kwa mtu wa Wamaza

Likizo ya siku 14 nchini Italia humgharimu mtu anayeanzia Wamaza, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, takriban dola 3,900. Mkazi wa Brussels anayelala kitanda cha bei ileile, akala chakula kilekile na kupanda treni zilezile, humaliza yote kwa dola 1,440. Pengo ni dola 2,460, na hakuna hata senti moja ya pengo hilo inayotumika ndani ya Italia.

Kwetu, Ulaya huzungumzwa kwa namna mbili: ni mahali pa kukimbilia maisha, au pa kupeleka mgonjwa mwenye bahati. Kwenda kutembea, kuona na kurudi nyumbani hakumo katika mazungumzo. Naona hiyo ni hasara, maana watu wa kusini mwa Maniema wana sababu za kuitembelea Italia ambazo huyo mkazi wa Brussels hana. Nitazieleza. Ila pesa zitangulie, kwa kuwa ndizo zinazozifunga midomo sababu nyingine zote.

Bei zilizopangwa na serikali nimeziweka kama zilivyo. Nauli, vitanda na chakula nimevikadiria kwa mkono wa mtu anayebana matumizi bila kujitesa, na euro moja nimeihesabu kwa dola 1.15.

Safari inaanza kwa pikipiki. Wamaza hadi Kasongo, kisha Kasongo hadi Kindu, kipande ambacho peke yake kina takriban kilomita 240. Kwenda na kurudi nimeweka dola 120, na hiyo ni bei ya kiangazi. Mvua zikishika, mwenye pikipiki hupandisha bei na hana lawama, kwa sababu siku moja ya tope inakula mnyororo, tairi na mgongo wake. Roma hadi Napoli ni kilomita 225 hivi, na treni ya kasi huzimaliza kwa saa moja na dakika kumi na ushee. Umbali ni karibu uleule; kinachotofautiana ni siku unazozipoteza na nguo unazozifua ukifika.

Kutoka Kindu kwenda Kinshasa msafiri mwenye haraka hana ila ndege. Nimeweka dola 500 kwenda na kurudi. Zamani mtu wa teritori yetu ya Kabambare angeelekeza macho mashariki, Bukavu au Goma. Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, upande huo si wa kuupangia likizo. Na hata ungekuwa salama, viza ya Italia inaombwa Kinshasa, tena kwa mwili wako mwenyewe, kwa kuwa vidole kumi lazima viwekwe juu ya mashine. Alama hizo zikishachukuliwa hutunzwa na zinaweza kutumika tena kwa miezi 59. Kwa hiyo anayeomba mara ya pili ndani ya muda huo hupita njia iliyokwisha kulimwa.

Kinshasa ndiko hesabu inakovimba. Sheria ya viza ya Schengen inampa ofisa siku 15 za kuamua, na anaweza kuzivuta hadi 45. Nimeweka siku 20 za kungoja, kila moja dola 20 kwa malazi, chakula na usafiri wa mjini: dola 400. Mwenye mjomba au shangazi mjini humo atakata nusu, na ndiyo maana namshauri anayefikiria safari hii aanze kwa kuwapigia simu ndugu zake kabla ya kuuliza bei ya tiketi.

Pasipoti inastahili maneno machache. Ile ya kibayometri ilipoanza kutolewa mwaka 2015 bei yake ilikuwa dola 185, miongoni mwa ghali zaidi duniani. Katika hizo, dola 65 tu ndizo zilizoingia katika hazina ya serikali. 120 zilibaki kwa kampuni iliyozitengeneza na washirika wake. Bei ikashushwa hadi 99, na sasa ni 75. Raia wa Kongo aliyekuwa na kiu ya kuona dunia alitozwa kwa miaka mitano dola 110 zaidi ya bei ya leo kwa kijitabu hichohicho. Hakuna takwimu ya watu waliokata tamaa dirishani, lakini kila familia ya Kasongo inaweza kukutajia mmoja.

Viza yenyewe ni euro 90 kwa mtu mzima tangu tarehe 11 Juni 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 80. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa 45, na aliye chini ya miaka sita halipi. Kwa mtu mzima ni dola 104. Ongeza bima ya afya, ambayo sheria inataka iweze kulipa matibabu ya hadi euro 30,000. Kuinunua nimekadiria dola 60. Picha, nakala na tafsiri za makaratasi: 50. Go Pass ya viwanja vya ndege, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na 50 kwa ya nje: 70 kwa safari zote.

Jumla ya sehemu ya Kongo inafika dola 1,379. Msomaji asiipite namba hiyo haraka. Kabla hajaiona ndege ya kwenda ng'ambo, mtu wa Wamaza ameshatumia pesa ambayo mkazi wa Brussels hutumia kwa likizo yake nzima, pungufu ya dola 61 tu.

Ndege ya Kinshasa hadi Roma kupitia Addis Ababa nimeiwekea dola 1,200 kwenda na kurudi. Sasa tumefika 2,579.

Italia yenyewe, ile tunayoiogopa, inakuja mwisho na haitishi. Usiku 13 kwa euro 40 ni 520. Kodi ya mgeni inayotozwa na miji, euro nne hivi kwa usiku, ni 52. Chakula euro 20 kwa siku ni 280: kahawa ya kunywa umesimama kaunta ni euro moja na kidogo, na pizza ya margherita mjini Napoli, kubwa kuliko sahani, ni tano au sita. Maji ya kunywa Roma ni bure. Mji una mabomba ya barabarani kama 2,500 yanayotiririka mchana na usiku, na wenyeji hunywa hapohapo. Treni na mabasi nimeweka 200, ambapo tiketi ya metro ya Roma ni euro 1.50 na inatumika dakika 100. Viingilio nimeweka 100, kwa bei za mwaka 2025: Kolosai 18, Makumbusho ya Vatikani 20, Pantheon 5, kupanda mnara wa Pisa 20, na akiba ya yatakayojitokeza. Basilika la Mtakatifu Petro halina kiingilio. Wakristo wa parokia za Kasongo wajue pia kwamba mashirika mengi ya watawa Roma yanapokea wageni kwa bei ya chini na chumba safi, na barua ya paroko husaidia.

Jumla ya Italia: euro 1,152, yaani dola 1,325. Ukijumlisha yote ni dola 3,904. Imegawanyika karibu sawasawa mara tatu: theluthi ya Kongo, theluthi ya angani, theluthi ya Italia.

Katika teritori ya Kabambare watu wengi hufikiri kwa gramu kabla ya dola, basi tuipime hivyo. Bei ya dunia ya dhahabu ilivuka dola 3,000 kwa wakia mwaka 2025. Kwa dola 3,110, gramu moja ni dola 100 kamili, kwa kuwa wakia ni gramu 31.1. Kwa bei hiyo likizo hii ni gramu 39. Mgodi wa Namoya, hapo Salamabila, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 na ukasimama 2019. Wachimbaji wadogo hawakusimama. Wao hawapati bei ya dunia pembeni mwa shimo, na kwao gramu 39 ni nyingi. Lakini dhahabu ya dunia ina vituo vyake vya ufundi, na Arezzo na Vicenza ni miongoni mwa vikubwa: miji midogo ya Italia inayoishi kwa kutengeneza mikufu na pete. Mtoto wa mchimbaji wa Kabambare anayesimama mbele ya dirisha la sonara wa Arezzo anasoma bei kwa macho ambayo mtalii mwingine hana.

Kuna pesa nyingine isiyotumika lakini lazima ionekane. Italia hudai mgeni athibitishe kwamba ana uwezo wa kujikimu, na viwango vyake viliwekwa kwa amri ya tarehe 1 Machi 2000, wakati wa lira. Kwa kukaa siku 11 hadi 20, mtu mmoja huonyesha euro 51.64 na kuongeza 36.67 kwa kila siku. Hiyo 51.64 ni lira 100,000 zilizogeuzwa. Kwa siku 14 anatakiwa awe na 565.02. Wakisafiri wawili au zaidi, kiwango kinashuka hadi 25.82 na 22.21 kwa siku kwa kila mmoja: 336.76. Kwa kwenda na mwenzake, kila mmoja anapunguziwa euro 228 za kuonyesha. Chumba nacho huwa nafuu zaidi kwa kichwa. Mke na mume, dada wawili, au marafiki wa kikundi kimoja cha akiba wanafanya hesabu bora kuliko mtu pekee, na taarifa ya benki yenye miezi kadhaa ya miamala ya kawaida ina nguvu kuliko pesa nyingi zilizoingizwa juzi.

Halafu hatari. Mwaka 2024 maombi ya viza fupi za Schengen duniani yalikuwa milioni 11.7, na asilimia 14.8 yalikataliwa. Kwa nchi nyingi za Afrika kiwango huwa juu ya hapo, na ada hairudishwi. Kwa mwaka huo peke yake Waafrika walionyimwa waliacha takriban euro milioni 60 mezani. Mtu wa Wamaza akinyimwa, pasipoti inabaki mali yake na bima mara nyingi hurudishwa, ila pikipiki, ndege ya ndani, siku 20 za Kinshasa, viza, makaratasi na Go Pass za ndani zimekwenda: dola 1,194. Ndiyo maana tiketi ya Roma hainunuliwi kabla ya viza. Kinachotakiwa kwenye faili ni uthibitisho wa nafasi iliyoshikwa. Naliona jambo hili kuwa dhuluma, na sina neno laini zaidi. Anayeishi karibu na ubalozi akikataliwa hupoteza dola mia na kitu. Anayetoka Maniema hupoteza mara kumi ya hiyo kwa kosa la kuzaliwa mbali.

Kwa nini basi mtu aende?

Sababu ya kwanza ni Pisa, na asikimbilie mnara. Karibu na lango la uwanja wa ndege wa Pisa kuna kaburi la pamoja la wanajeshi wa anga 13, na jina lililoandikwa hapo ni la mji wetu: Kindu. Tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za C-119 za kikosi cha 46 zilitua Kindu zikiwaletea mahitaji askari wa Umoja wa Mataifa waliotoka nchi ya Malaya. Waitalia hao, wakiongozwa na Meja Amedeo Parmeggiani, walikamatwa wakiwa mezani, chakula cha mchana. Askari wa Kikongo waliwadhania Wabelgiji, adui wa siku zile. Wote 13 wakauawa. Miili ilirudishwa Pisa mwaka 1962. Miji mingi ya Italia ina barabara inayokumbuka waliokufa Kindu, na nje ya uwanja wa Fiumicino, palepale utakapotua ukitoka Addis Ababa, imesimama nguzo yao ya ukumbusho. Waitalia wengi hawajui jina lingine lolote la Maniema. Kila tarehe 11 Novemba watu hukusanyika Pisa kuwakumbuka wale 13. Mgeni kutoka Maniema akisimama pale siku hiyo na kusema anakotoka, hapo patakuwa na mazungumzo ambayo hayajafanyika vya kutosha kwa zaidi ya miaka 60. Kwangu mimi, safari nzima inahalalishwa na asubuhi hiyo moja.

Parma ni safari fupi ya treni upande wa kaskazini. Ndiko Guido Maria Conforti alikoanzisha shirika la Waksaveri mwaka 1895, na nyumba yao mama ipo bado. Tarehe 28 Novemba 1964, Baraka na Fizi, ng'ambo tu ya mpaka wa Kabambare, waasi wa Simba waliwaua Waksaveri watatu wa Italia, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padri mzalendo Albert Joubert. Walitangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Abbé Joubert alizaliwa Mrumbi kwa mama Mkongo, na baba yake ni yule Kapteni Joubert aliyepigana na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa, ufukweni mwa Tanganyika. Huyohuyo Kapteni, akiwa kijana, alikuwa askari wa Papa na alipigana Castelfidardo, mashariki mwa Italia, mwaka 1860. Uzi mmoja wa ukoo umeshonwa kutoka kilima kile cha Italia hadi Fizi.

Waislamu wa Kasongo, na ni wengi, nao wasidhani nchi hii ni ya makanisa pekee. Msikiti mkuu wa Roma ulifunguliwa mwaka 1995 na unaingiza watu 12,000. Lakini hazina yao hasa ni Palermo. Treni ya usiku kutoka Roma ikifika mlango wa bahari wa Messina hukatwa vipande na mabehewa yake kusukumwa juu ya reli ndani ya tumbo la meli, abiria wakiwa ndani, kisha huunganishwa tena upande wa Sisilia. Anayejua kungoja kivuko kwenye Lualaba ataitazama kazi hiyo kwa heshima. Palermo ilitawaliwa na Waislamu kuanzia mwaka 831 hadi 1072, na kwenye ukumbi wa mbele wa kanisa kuu nguzo moja bado ina aya ya Kurani iliyochongwa. Mjini humo, mwaka 1154, al-Idrisi alimkamilishia Mfalme Roger II kitabu cha jiografia ya dunia, na ndani yake imo pwani ya Wazanji, Malindi ikitajwa kwa jina. Karne saba kabla mfanyabiashara Tippu Tip hajaiweka Kasongo kwenye ramani ya biashara, pwani ambayo lugha yetu ilitoka ilikuwa inaandikwa Sisilia.

Mwaka 2023 Italia ilipokea wageni zaidi ya milioni 57 kutoka nje, nchi yenyewe ikiwa na watu milioni 59. Ina maeneo 61 katika orodha ya urithi wa dunia, mengi kuliko nchi yoyote. Kongo ina matano, yote mbuga na misitu. Tongoni, Kasongo ya kale iliyotekwa na jeshi la Mbelgiji Dhanis Aprili 1893, haimo, wala mji wa kale wa Nyangwe haumo. Ukubwa wa eneo si kisingizio, kwani Italia yote ni mara mbili na robo hivi ya mkoa wa Maniema. Yeyote kati yetu atakayeona jinsi mji wa Italia unavyolinda ukuta uliobomoka, ukauwekea uzio, kibao na mtu wa kukata tiketi ya euro tano, atarudi Tongoni na maswali ya kumuuliza chifu, teritori na mkoa. Nataka maswali hayo yaulizwe na watu wetu wenyewe, waliojionea kwa macho.

Anayeikubali hesabu hii achague kuwa Italia kuanzia tarehe 31 Oktoba hadi 13 Novemba. Vitanda vimeshuka bei, Jumapili ya kwanza ya Novemba huangukia ndani ya siku hizo na Kolosai haina kiingilio, na tarehe 11 atakuwa Pisa. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo pasipoti iwe mkononi ifikapo Mei. Aondoke Wamaza mwishoni mwa Agosti, barabara ya Kindu ikiwa bado kavu, afungue faili wiki ya kwanza ya Septemba. Hata ofisa akizivuta siku zote 45, jibu linatoka kabla ya mwisho wa Oktoba. Likitoka mapema, bei ya ndege itakuwa chini. Ila likiwahi au likichelewa, kungoja Kinshasa hadi siku ya kuruka kutapita zile siku 20, na malazi yatapita zile dola 400. Kurudi kutoka Kindu katikati ya Novemba ni katika mvua. Kwa kipande hicho aongeze dola 60 za pikipiki, na azitenge mfuko wa peke yake tangu Wamaza.